Raha na karaha za kila siku: rafiki wa mtandaoni unamwambia nini, naye anakujibuje?

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi na habari za usiku, maana najua humu wapo wanaoamka na wanaojiandaa kulala saa hii hii.

Nimepita kwenye nyuzi kadhaa nikaona watu wakibezwa kwa kuandika mambo yao ya kawaida. Mtu kasema leo amepata nguvu ya kufua nguo baada ya siku nyingi za kulala tu, kajibiwa "kwa hiyo tufanyeje?" Mwingine kafurahi mwanae kasimama dede, kaambiwa akawaambie ndugu zake. Nyuma ya majibu hayo kuna wazo moja, kwamba mtu ambaye hujawahi kumpa mkono si rafiki yako, hivyo mambo yako hayamhusu. Wazo hilo silikubali hata kidogo.

Urafiki hujengwa na mambo madogo, uwe wa kuonana au wa kuandikiana. Ukifiwa, hata mtu wa mbali atakupa pole. Lakini nani anajua kwamba bosi mpya anakukosesha usingizi? Nani anajua kwamba Jumatano una miadi ya kung'oa jino na tangu Jumapili roho haijatulia? Anayeyajua hayo ndiye atakayeuliza Alhamisi, "Vipi, jino?" Mtu akikuuliza hivyo bila kukumbushwa, ni rafiki, awe anaishi jirani au hujui hata sura yake.

Wengi mmesikia habari za Mats Steen, kijana wa Norway aliyezaliwa 1989 na ugonjwa wa Duchenne. Ugonjwa huo unadhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, mtu anaacha kutembea, na mwishowe hata kupumua kunakuwa kazi. Miaka yake ya mwisho aliitumia zaidi ndani ya gemu ya World of Warcraft, akijulikana kwa jina la Ibelin. Wazazi wake waliamini mtoto wao anaishi peke yake mbele ya kompyuta, na waliumia kwa hilo. Alipofariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25, baba yake aliandika taarifa ya msiba kwenye blogu ya kijana. Barua pepe zikaanza kuingia kutoka kwa watu ambao familia haikuwahi kuwasikia, wakieleza jinsi Mats alivyowasikiliza na kuwashauri. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya wakahudhuria mazishi. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya maisha yake.

Mimi kinachonigusa ni kwamba watu wale hawakulia kwa sababu ya jambo kubwa alilowafanyia siku moja. Walilia kwa mazungumzo ya kila jioni, ya mapenzi yaliyokwama, ugomvi na wazazi, watoto wasiosikia. Na yeye mwenyewe kwa muda mrefu hakuwaambia hali ya mwili wake. Alichagua la kusema na la kubaki nalo, na urafiki ukawa wa kweli vilevile.

Basi naomba tulizungumze hili bila kubezana. Mnawaambia nini watu wenu wa mtandaoni? Mnajibiwaje? Na nyie mkiletewa ya wenzenu, mnajibuje?

Fundi Saa

Nimeweka kambi hapa. Nina ya kusema ila ngoja nisome kwanza.

Mama Pacha

Ahsante mleta uzi. Mimi nitasema ya kwangu.

Nilipojifungua pacha, nyumba ilijaa watu. Sikukosa msaada, sikukosa wa kunishikia mtoto. Nilichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sisikii furaha yoyote. Ukizungukwa na watu wanaoshukuru na kupiga picha, utaanzia wapi kusema moyo wako hauna kitu ndani? Nilikuwa na dada mmoja tuliyefahamiana kwenye kundi la wajawazito mtandaoni. Usiku nikinyonyesha nilipunguza mwanga wa simu mpaka mwisho, nikawa naandika kwa kidole gumba kimoja, maneno yakigandana bila nafasi. Nikamwandikia: "nawatazama nahisi kama ni watoto wa mtu mwingine niliopewa niwashike."

Hakuniambia nishukuru. Hakuniambia wapo wanaotafuta mtoto hawapati. Aliandika, "Niko hapa. Endelea, hata kama huwezi kumaliza sentensi." Nikaendelea. Alfajiri akaniuliza kama muuguzi wa kliniki analijua hili. Nikasema hapana, siwezi kulitamka.

Siku ya kliniki kweli nilishindwa kulitamka. Nikafungua simu nikamsomea muuguzi ujumbe ule ule niliomwandikia rafiki yangu, neno kwa neno, macho yangu yakiwa kwenye skrini. Nikapata matibabu. Kwa hiyo mtu akisema kuandika mtandaoni kunakutenga na watu wa karibu, mimi namjibu kwamba kwangu kulinipa maneno ya kuwaambia watu wa karibu.

Jicho la Kando

Mama Pacha, nimesoma mara mbili. Pole kwa kipindi kile, na huyo dada Mungu amtunze.

Hicho ulichokisema kuhusu kushindwa kutamka kina maelezo yake. Mwanasaikolojia John Suler aliandika 2004 kuhusu kwa nini mtu akiwa mtandaoni kizuizi cha ndani hulegea. Huonekani, uso wako hausomwi, na hulazimiki kustahimili sura ya mwenzako pale anapolipokea jambo lako. Unaandika, unaweka simu chini, unarudi ukiwa tayari. Mtu mwenye aibu anapata pumzi. Suler hakusema kwamba hilo ni jema tu, maana kulegea huko huko ndiko kunakomfanya mwingine atukane watu ambao ana kwa ana angewaamkia kwa heshima. Wale wanaomwambia mtu "kwa hiyo tufanyeje" wangekuwa wamekaa naye, wakayaona macho yake, sidhani kama wangesema.

Na kuandika kwenyewe kuna kazi yake. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika yaliyowahi kuwaumiza, na walioandika tukio pamoja na walivyojisikia ndio ambao miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari wa chuo mara chache zaidi. Lakini mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi, si pungufu. Tulikumbuke hilo. Mtu akishakumwagia moyo wake usiku, asubuhi anaweza kuwa mzito kuliko jana, na anajuta kuwa kasema. Hapo ndipo neno lako la asubuhi lina thamani. Mwandikie jambo lolote, hata salamu, ajue kwamba hukumkimbia.

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Jicho la Kando umenigusa mahali. Hebu nami niseme la upande wa pili, ambalo naona tunalisahau. Tumezoea kwamba rafiki ni wa shida. Je, na raha?

Kuna utafiti wa Shelly Gable na wenzake wa mwaka 2004 ambao nadhani kila mtu wa kundi la mtandaoni angepaswa kuujua. Waliangalia mtu akileta habari njema anapokelewaje, wakakuta mapokezi ya aina nne. Na aina moja tu kati ya hizo ndiyo ilikwenda pamoja na uhusiano wenye afya.

Chukueni mfano. Rafiki yako anaandika, "Jamani, nimepita usaili!"

Wa kwanza anajibu "Hongera," basi, anapita. Hajakosea adabu, ila habari imefia hapo. Wa pili anaandika, "Utaweza lakini? Kazi ile ina presha, na safari zile na watoto wako wadogo?" Anajiona ana busara, kumbe kamwagia mwenzake maji ya baridi kabla hajamaliza kucheka. Wa tatu hata haigusi habari yenyewe, anasema, "Mimi nami leo bosi kaniudhi, acha tu." Wa nne anaandika, "Weee! Walikupigia saa ngapi? Ulikuwa wapi? Lile swali uliloliogopa waliliuliza?"

Huyo wa nne kamrudisha mwenzake kwenye ile dakika ya simu ili aiishi tena, safari hii wakiwa wawili. Hajatumia fedha wala hekima nyingi. Kauliza tu maswali matatu kwa dhati. Tena ona kwamba swali la tatu asingeweza kuliuliza kama hakuwa anafuatilia tangu siku za maandalizi. Ndiyo maana nasema mambo madogo hayapotei bure.

Sisi tusioonana uso tuna kazi ya ziada hapa. Ana kwa ana ningekukumbatia, ningepiga kelele, macho yangu yangesema. Kwenye maandishi, alama ya kidole gumba inaweza kusomeka kama furaha au kama "nimeona, niache". Basi andika. Mistari miwili inatosha.

Bint Kimya

Naomba niseme ukweli wangu. Mimi shida naleta, raha siwezi. Nikiwa na shida najua nitapokelewa. Nikiwa na raha naona kama najitangaza. Halafu kuna kijicho, tusidanganyane, kipo. Na zaidi ya kijicho kuna huruma: nikisema nimepata, yule aliyekosa atajisikiaje? Kwenye kundi letu mmoja alitangaza ujauzito wiki ile ile ambayo mwenzetu mimba ilitoka. Aliyetangaza hakuwa na habari. Yule mwingine akaondoka kundini bila neno. Tangu hapo nikipata jambo jema nalikalia.

Mama Pacha

Bint Kimya mdogo wangu, hilo ni gumu kweli na sitalifanya jepesi. Ila kulikalia sikushauri.

Kwenye kundi langu tulikubaliana jambo dogo tu. Mwenye habari inayoweza kumchoma mwenzake anatanguliza mstari mmoja: "Nina habari ya ujauzito, asiye na nguvu leo apite." Kisha anaacha nafasi, ndipo anaeleza. Aliye na kidonda hajavamiwa, na mwenye furaha hajanyamazishwa. Na kama unamjua hasa mtu ambaye itamuuma, mtangulie kwa ujumbe wa faragha kabla hujaweka hadharani. Mwambie, "Nimeona nikwambie wewe kwanza, na si lazima unijibu." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye huruma ndani yake, maana yanamwondolea mzigo wa kujilazimisha kusema hongera.

Aliyeondoka, kuna aliyemfuata?

Bint Kimya

Hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake amemfuata.

Mama Pacha

Basi mwandikie leo. Muda uliopita si hoja. Usimwombe arudi, mwambie tu unamkumbuka.

Fundi Saa

Nimerudi, na nimesoma yote. Nakubaliana na mengi, ila kuna jambo la uchungu ambalo lazima liwe ndani ya uzi huu.

Kundi nililokuwemo zamani tulimlea mtu mgonjwa. Kila siku taarifa: leo kaongezewa damu, leo madaktari wamebadilisha dawa, leo hawezi kula. Watu walikesha wakimwandikia. Wenye matatizo yao walikaa nayo kimya, wakaona aibu kuyaleta mbele ya mtu anayekufa. Baadaye ikadhihirika hakuna ugonjwa. Hakuomba hata senti, alichotaka ni kupendwa. Daktari wa akili wa Marekani, Marc Feldman, aliandika mwaka 2000 kuhusu watu wa namna hii, wanaoigiza maradhi au misiba kwenye mitandao kwa ajili ya kuhurumiwa. Dalili alizozitaja niliziona zote baadaye: maelezo ya kitabibu yaliyonyooka kama yametolewa kitabuni, hali mbaya inayofuatwa na kupona kwa ghafla, na kila mwenzako akipata la kuzungumzwa, mgonjwa anazidiwa.

Baada ya pale kundi lilivunjika. Kilichouma si kudanganywa tu. Kilichouma ni kwamba wale wenye shida za kweli walianza kutazamwa kwa mashaka. Mtu akisema mama kalazwa, wengine wanataka picha.

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Pole sana Fundi Saa. Hicho ni kidonda cha kweli, na sitakwambia usahau.

Msimamo wangu ni kwamba kumsikiliza mtu na kumpa mali ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake. Masikio nampa yeyote, na akinidanganya, kilichopotea ni muda wangu na huruma yangu, navyo sivijutii. Lakini fedha, namba ya kitambulisho, mahali ninapolala, picha za faragha, hivyo havitoki kwa sababu ya hadithi, hata iwe ya kuliza namna gani. Anayekuharakisha kwamba leo hii, saa hii, usimwambie mtu, kwa huyo ishia hapo hapo. Rafiki wa kweli anaelewa ukisema "ngoja nifikirie mpaka kesho".

Na kuhusu kutaka picha za mama aliyelazwa, hapana. Tukifika huko tumeua kitu chenyewe tulichotaka kukilinda.

Usingizi Haba

Naongezea kwenye faragha kwa sababu nimeona watu wanajimaliza wenyewe bila kujua.

Picha uliyopiga kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kama hujazima mpangilio huo kwenye kamera. Programu nyingine hulifuta jambo hilo unapotuma, nyingine haziligusi, hasa ukituma picha kama faili. Kabla ya kutuma tazama pia nyuma yako: namba ya nyumba, sare ya shule ya mtoto, karatasi ya hospitali yenye jina mezani. Na ujumbe wa kufutika wenyewe hauzuii mtu kupiga skrinishoti.

Halafu kuna jambo ambalo halina programu ya kulizuia. Mengi tunayoyasimulia si yetu peke yetu. Ugomvi wangu na mume wangu ni wangu na wake. Aibu ya mwanangu shuleni ni yake kabla haijawa yangu. Mimi nasimulia nilivyojisikia mimi, nilivyolia, nilivyoshindwa kulala. Alichofanya mwingine nakitaja kwa kiasi cha kueleweka tu. Mtoto atakuja kukua, na atasoma.

Jicho la Kando

Usingizi Haba umesema vema sana.

Mimi narudi na jambo lingine, na wanaopenda mazungumzo ya usiku wa manane naomba wanisamehe. Kuna kusimulia kunakofungua na kuna kusimulia kunakofunga. Amanda Rose, mtafiti wa Marekani, alilieleza vizuri mwaka 2002. Marafiki wanaokaa pamoja wakilichimbachimba tatizo lile lile, kwa nini alisema vile, alimaanisha nini, itakuwaje akifanya tena, huwa karibu sana kiurafiki. Na hapo hapo huwa na wasiwasi na huzuni zaidi. Ukaribu wao ni wa kweli na madhara nayo ni ya kweli, ndiyo maana ni vigumu kuuona mtego.

Utaujua kwa hili: mmezungumza saa nzima na hakuna jambo jipya lililosemwa, na wote wawili mko chini kuliko mlipoanza. Hapo usimkatishe mwenzako kwa "achana nayo". Mwulize swali linalotazama mbele kidogo. "Kesho ukiamka, la kwanza litakuwa lipi?" Au mwulize kabisa kabla hajaanza: "Leo unataka nikusikilize tu, au tutafute njia?" Swali hilo limeniokolea urafiki zaidi ya mmoja. Watu wengi hawataki ushauri, na wachache wanautaka sana wakapewa pole tupu. Utajuaje bila kuuliza?

Fundi Saa

Hilo swali nalichukua. Mimi ni wa kutoa ushauri kabla mtu hajamaliza kuandika.

Bint Kimya

Wakuu, na ile hali ya mtu kunyamaza ghafla? Mtu aliyekuwa anaandika kila siku, mara kimya. Nakaa naogopa kuuliza nisije nikaonekana namfuatilia.

Usingizi Haba

Uliza. Ila uliza kwa namna isiyodai. "Hujambo, nimekuwaza, hakuna haja ya kunieleza chochote." Asipojibu, siku chache baadaye mtumie jambo la kawaida, kitu alichokipenda, bila kumlaumu kwa kimya chake. Watu wengi wanaonyamaza si kwamba wamekuchoka. Wana aibu ya kimya chenyewe, na kadiri siku zinavyopita wanaona watalazimika kueleza mengi wakirudi. Wafanyie kurudi kuwe rahisi.

Lakini akiwa ameacha neno linaloashiria kwamba amechoka kuishi, usisubiri siku chache. Mwulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, wataalamu wa kuzuia watu kujiua wanalisema hilo kila mara. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu amelitaja. Akisema ndiyo, endelea kubaki naye kwenye maandishi au simu, mwulize yuko wapi na nani yuko karibu naye, na umtafute huyo mtu au huduma ya dharura ya pale alipo. Usikubali kuapishwa siri katika hilo. Na usilibebe peke yako, mwite mwenzako mmoja wa kundi mara moja.

Kwa sababu hiyo, mimi na marafiki zangu watatu wa karibu wa mtandaoni tumepeana namba ya mtu mmoja wa nyumbani, ya kupigwa siku ya dharura tu. Haijawahi kutumika. Ipo.

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Hii ya namba ya dharura wangapi mnayo? Kama kuna rafiki wa mtandaoni unayezungumza naye kila siku, na leo akipotea hujui hata pa kuanzia kumtafuta, zungumzeni hilo wiki hii.

Mgeni Wenu

Samahani wakuu, mimi ni msomaji wa kimya wa muda mrefu, sijawahi kuchangia. Nimesoma uzi wote. Swali langu linaweza kuonekana la kitoto. Mnaanzaje? Naona nyie mmezoeana, mnajuana majina ya watoto, mnajua nani haivani na nani. Nikiingia sasa nitakuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba isiyo yake.

Jicho la Kando

Karibu sana. Halina utoto wowote.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichunguza watu waliohamia mahali papya na wanafunzi waliotoka kuanza chuo, akitaka kujua urafiki unachukua muda gani. Makadirio yake, yaliyotoka 2018, ni kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 awe wa karibu. Hao walikuwa watu wa kuonana, kwa hiyo usizichukue hesabu hizo kama sheria ya humu. Lakini jambo lenyewe lipo hata kwetu. Hatukuzaliwa tumezoeana. Tulikaa, tukajibizana mambo yasiyo na uzito, mpaka ukafika wakati wa kuambizana yenye uzito.

Mama Pacha

Na ukianza, usianze na lile zito kuliko yote. Si kwamba hatutalipokea. Ni kwa ajili yako. Ukilileta kubwa mahali ambapo bado hujajua nani ni nani, likapokelewa vibaya na mtu mmoja, utafunga mlango miaka. Leta dogo, uone linavyoshikwa. Na jibu ya wenzako pia, hata kwa mstari mmoja. Kujibu ndiyo njia fupi ya kujulikana. Anayeleta yake tu bila kugusa ya wengine, watu wanamhurumia lakini hawamzoei.

Mgeni Wenu

Nimewaelewa. Basi naanza na la leo.

Nimekaa na fomu ya kuomba kurudi masomoni tangu mwezi uliopita. Leo nimeijaza mpaka ukurasa wa mwisho, nimebakiza sehemu moja tu, pale panapotaka mtu wa kunidhamini kitaaluma. Niliacha shule muda mrefu, sijui nimwandike nani. Nimefurahi kufika hapo na pia nimekwama. Sijamwambia mtu yeyote nyumbani, maana mara ya mwisho nilisema nikashindwa.

Fundi Saa

Weee, mpaka ukurasa wa mwisho! Hongera sana ndugu yangu. Unaomba kusoma nini? Na kabla sijakurupuka kama kawaida yangu: unataka tukusikilize tu, au tutafute njia?

Mgeni Wenu

Uuguzi. Na tutafute njia, tafadhali.

Usingizi Haba

Uuguzi, safi kabisa! Umewahi kufanya kazi mahali popote, hata ya kujitolea? Sehemu nyingi wanakubali msimamizi wa kazi pale ambapo mwalimu hapatikani. Soma maelezo ya fomu vizuri, au waandikie ofisi ya udahili uwaulize moja kwa moja, wanazoea swali hilo. Mwisho wa kupeleka ni lini?

Mgeni Wenu

Ijumaa. Na ndiyo, niliwahi kujitolea kwenye kituo cha wazee, msimamizi bado nina namba yake. Sikufikiria kabisa kwamba anaweza kufaa. Nawaandikia ofisi ya udahili sasa hivi, kisha nampigia.

Mtu wa Zamu (mleta uzi)

Piga. Nipo zamu mpaka asubuhi, ukishamaliza kuzungumza naye uje useme alivyojibu.